Je, kuna kipimo cha damu kinachoonyesha neva zilizoharibiwa na kisukari?

Kijana wa Kayole ameuliza:

Hamjambo nyote. Mama yangu ana umri wa miaka 61 na ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 11, na muda huo wote amekuwa akitumia metfomini. Sukari yake ya miezi mitatu ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa asilimia 8.4. Kwa karibu mwaka mmoja sasa analalamika kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, hata huzitoa nje ya blanketi, ilhali mchana anasema anahisi kana kwamba amevaa soksi nene hata akiwa pekupeku. Mwezi wa Julai, katika ile baridi yetu ya Nairobi, alitia miguu ndani ya beseni la maji aliyoyachemsha mwenyewe, akaendelea kuzungumza na jirani, na ni mimi niliyepita nikaona ngozi imebadilika rangi. Yeye hakuwa amehisi chochote.

Wiki iliyopita tulikwenda katika maabara moja ya kibinafsi mjini kwa vipimo vya kawaida, na mhudumu akatushauri tulipie kipimo kipya cha damu ambacho, kwa maneno yake, huonyesha neva zimeharibika kwa kiasi gani. Bei yake ni shilingi 14,500, ambazo kwetu si fedha ndogo. Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi ikiwa kipimo cha namna hiyo kipo kweli, na kama kinaweza kumsaidia mama kwa hali aliyo nayo sasa. Pia sielewi jinsi miguu isiyohisi maji ya moto inavyoweza kumuunguza usiku.

Fundi wa Maabara amejibu:

Ndugu, pole kwa mama. Kipimo kipo, na kinategemea sayansi ya kweli, ila kuwepo kwake hakumaanishi kwamba kinajibu swali la mama yako.

Ndani ya kila uzi wa neva mna protini zinazoushikilia kama mapau yanavyoshikilia paa, na mojawapo ya protini hizo huitwa nurofilamenti nyepesi. Uzi wa neva unapoumia au kufa, vipande vya protini hiyo huvuja hadi vikaingia katika damu, lakini kwa kiasi kidogo mno, cha pikogramu chache katika mililita moja, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kwa muda mrefu mashine za maabara hazikuweza kuona kiasi hicho katika damu, kwa hiyo ilibidi kupima maji ya uti wa mgongo. Mashine za kisasa zinazohesabu molekuli moja moja ndizo zilizofungua njia. Tangu hapo tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba watu wenye kisukari ambao neva zao zimeathirika huwa, kwa wastani, na kiwango cha juu cha protini hii kuliko wenye kisukari ambao neva zao ni nzima.

Nimesema kwa wastani, na hapo ndipo tatizo lilipo. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, viwango vya makundi hayo mawili huingiliana sana. Protini hii hupanda kadiri umri unavyosonga, hupanda figo zinapodhoofika kwa kuwa haiondolewi vizuri mwilini, na huonekana kuwa ya chini kwa watu wenye uzito mkubwa. Mwenye kisukari cha miaka 11 anaweza kuwa na mambo hayo yote matatu kwa pamoja. Isitoshe, damu haisemi protini imetoka wapi: kiharusi, jeraha la kichwa na magonjwa ya ubongo huipandisha vilevile. Kwa hiyo mama akipata namba ya juu, hakuna daktari atakayeweza kuisoma na kusema kwa uhakika kwamba imetoka kwenye miguu.

Nisingependa mtu adhani naudharau utafiti huu, kwa maana naufuatilia kwa matumaini makubwa. Mwezi wa Aprili 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo tofersen, kwa wagonjwa ambao neva za misuli yao hufa kutokana na hitilafu ya jeni ya SOD1, na msingi mkuu wa uamuzi huo ulikuwa kushuka kwa nurofilamenti nyepesi katika damu yao. Nchini Ujerumani nako, watafiti waliofuatilia wakazi wa eneo la Augsburg kwa miaka kadhaa waligundua kwamba viashiria fulani vya uvimbe wa ndani katika damu vilihusiana na watu kupata madhara ya neva baadaye. Siku moja huenda viashiria kadhaa vikiunganishwa vitatuonya mapema. Kwa sasa hakuna mwongozo wa matibabu ya kisukari ninaoufahamu unaoagiza kipimo hiki kwa mgonjwa wa kawaida, na kwa mama yako nisingelipa hizo 14,500.

Muuguzi wa Kliniki ya Miguu amejibu:

Naunga mkono aliyotangulia kusema Fundi, ila nina swali ambalo nadhani ndilo la kwanza: katika miaka hiyo 11, ni mara ngapi mtu amemvua mama viatu na kumpima miguu? Mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa neva za miguu siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka, na mara nyingi ninaowapokea hawajawahi kuguswa nyayo hata mara moja. Wamepimwa sukari, wamepimwa presha, wamepewa dawa, wakaenda nyumbani na soksi zao.

Vifaa tunavyotumia havigharimu fedha nyingi. Kuna uzi wa plastiki ambao hupinda unapokandamizwa kwa uzito wa gramu 10, nasi huugusisha kwenye nyayo huku mgonjwa amefumba macho. Kuna pia chuma chenye meno mawili kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde, ambacho huwekwa kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu. Tena hukagua mshtuko wa kano ya kisigino kwa nyundo ndogo. Daktari akiwa na shaka zaidi, kuna mashine ya kupima mwendo wa umeme ndani ya neva, ingawa hiyo huona nyuzi nene tu, na moto anaousikia mama usiku kwa kawaida hutoka kwenye nyuzi nyembamba.

Hilo linajibu swali lako la mwisho. Neva zinazofika vidoleni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, ndiyo maana huumia kwanza. Ile iliyokufa haipeleki habari ya maji ya moto, na ile iliyojeruhiwa bila kufa hupeleka habari ya uongo kwamba kuna moto pale ambapo hapana. Mguu mmoja unaweza kuwa na zote mbili.

Hata leo jioni unaweza kumpima mwenyewe nyumbani. Mwambie mama alale na kufumba macho, kisha umguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, taratibu kama unyoya, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kugonga. Gusa kidole gumba, kidole cha mwisho na kidole cha kati cha kila mguu, naye akuambie kila anapohisi. Asipohisi vidole viwili au zaidi kati ya hivyo sita, chukulia kwamba miguu yake imepoteza hisia na haiwezi kumlinda. Njia hii ilibuniwa na madaktari wa Ipswich nchini Uingereza, na mimi huwafundisha watoto na wajukuu wa wagonjwa wangu. Na tafadhali, lile beseni lisitumike tena kabla ya mtu mwingine kupima maji kwa kiwiko.

Mama Wawili amejibu:

Nina kisukari tangu 2012. Nami nilikuwa na ganzi kama hiyo, na kila mtu, nikiwemo mimi, aliamini kwamba ni sukari tu. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza nimetumia metfomini kwa muda gani, akaagiza vitamini B12 ipimwe, na ikapatikana kuwa chini sana. Baada ya miezi kadhaa ya matibabu ganzi ilipungua, ingawa haikuisha kabisa. Kaka, kabla ya kununua kipimo cha gharama, uliza kuhusu hicho.

Fundi wa Maabara amejibu:

Asante sana, dada, kwa kulitaja hilo, maana nilipaswa kulisema mapema. Metfomini hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 utumboni, na kwa kuwa ini huwa na akiba ya miaka, upungufu hujitokeza polepole, mtu akiwa amekwisha kusahau kwamba dawa inaweza kuhusika. Kiwango kilicho chini ya takriban pikogramu 200 kwa mililita huhesabiwa kuwa upungufu, na kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka linalohitaji uchunguzi zaidi. Damu hiyohiyo inaweza kupimwa kreatinini kwa ajili ya figo na homoni ya tezi ya thairoidi, kwa sababu magonjwa hayo nayo huleta ganzi. Daktari aambiwe pia kama mama amewahi kutumia dawa za kifua kikuu, kwani mojawapo, isoniazidi, huumiza neva mgonjwa asipopewa vitamini B6 pamoja nayo.

Kijana wa Kayole amejibu:

Nawashukuru kwa dhati. Nilimpima mama jana jioni kama Muuguzi alivyoeleza. Kati ya vidole sita alihisi viwili tu, vya kati vyote, na alipofumbua macho akaniuliza kwa nini bado sijaanza. Sikuweza kumjibu mara moja.

Hatutalipia kile kipimo. Nina swali moja tu lililobaki: mwenye duka la dawa hapa mtaani amesema anaweza kumchoma mama sindano ya vitamini B leo, na siku ya kliniki ni Alhamisi. Je, tuanze?

Fundi wa Maabara amejibu:

Subirini. Akichomwa leo, kiwango cha B12 katika damu kitapanda na siku ya Alhamisi kipimo hakitaonyesha hali yake halisi. Damu itolewe kwanza, sindano ifuate daktari akiagiza. Metfomini aendelee nayo kama kawaida.

Muuguzi wa Kliniki ya Miguu amejibu:

Na vidole vinne visivyohisi visingoje Alhamisi bila kutazamwa. Leo hii kagua nyayo na katikati ya vidole, na pale palipoungua Julai, ukitafuta malengelenge, mpasuko, wekundu au unyevu. Ukiona lolote kati ya hayo, mpeleke kesho asubuhi.