Acheni kushauriana kwenda misani ili kukwepa kiingilio cha Sagrada Família

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimerudi kutoka likizo siku tisa zilizopita, na nilijizuia kuandika nikitumaini hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo mtanivumilia. Kila mtu anapouliza humu habari za kutembelea Barcelona, hujitokeza mwenzetu mmoja na ushauri uleule: usinunue tiketi ya kanisa la Sagrada Família, nenda Jumapili saa tatu asubuhi kwenye misa, utaingia bure, vumilia muda kidogo, piga picha zako, umeokoa euro 26. Wengine hushukuru na kuusambaza. Habari ya misa ni kweli, na ni kweli pia kwamba anayekwenda kusali hatozwi kitu. Ninacholalamikia ni matumizi ya habari hiyo, kwa sababu safari hii nimeyaona kwa macho yangu, na kwa aibu kubwa niliyaona kwa watu wanaozungumza Kiswahili.

Mimi na mke wangu ni Wakatoliki wa kawaida, watu wa jumuiya na zamu ya kufagia kanisa. Tulipopanga likizo yetu ya kwanza Ulaya tulikubaliana kwamba Jumapili haitapita bila misa, na kwa kuwa tungekuwa Barcelona, tukaona hakuna neema iliyozidi kusali ndani ya kanisa lile. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye anafanya kazi Ureno, alikuja kuungana nasi na mwanawe wa miaka mitatu. Kufikia saa moja na nusu mimi na mke wangu tulikwisha kupanga foleni upande wa lango la Kuzaliwa kwa Bwana, ambako waumini huingilia, na foleni ilikuwa imezunguka kona. Shemeji alichelewa hotelini kumbadilisha mtoto nguo baada ya kujimwagia maziwa. Alipofika, nafasi zilikuwa zimekwisha na mlango umefungwa. Walinzi siwalaumu hata kidogo, maana viti vina idadi yake na anayewahi ndiye anayeingia. Alinitumia ujumbe kwamba amesimama nje, mtoto analia, na kando yake kuna mama mmoja mzee mwenye rozari mkononi ambaye naye amerudishwa na amebaki akiutazama mlango.

Ndani kulikuwa na uzuri ambao sitajaribu kuueleza wote. Nguzo zinapanda kama miti na kugawanyika matawi huko juu, na asubuhi jua hupita kwenye vioo vya upande wa mashariki, ambavyo ni vya kijani na bluu, hata sakafu ikaonekana kama maji. Juu ya altare, yaani meza ya misa, amening'inizwa Kristo Msulubiwa, chini ya kitu mfano wa mwavuli uliozungukwa na vishada vya zabibu. Nilishikwa na kigugumizi cha sala. Wakati huohuo nikasikia kutoka viti vya mbele yetu, kwa Kiswahili safi cha kwetu: "Mbili mara ishirini na sita, hamsini na mbili. Hiyo ni chakula cha leo jioni kabisa."

Walikuwa kijana na binti, wamevaa vizuri, hawana ubaya wowote wa kuonekana. Kabla ya misa ilitangazwa, kwa lugha zaidi ya moja, kwamba picha haziruhusiwi ibada ikiendelea. Simu zilishushwa kwa muda wa wimbo wa mwanzo tu. Wakati wa mahubiri watu walikuwa wamekwisha kuanza kunyanyuka na kutembea pembeni, shingo zimeelekea juu. Na ilipofika mageuzo, pale tunapoamini mkate hugeuka Mwili wa Kristo, padre ameinua hostia, yaani mkate huo, kanisa zima limenyamaza, yule binti aliigeuzia altare mgongo ili aingie yeye na altare katika picha moja. Mke wangu alimgusa bega taratibu akamwambia, "Mwanangu, sasa ni mageuzo." Akajibiwa kwa adabu zote, "Samahani mama, tunamalizia."

Tunamalizia!

Hilo ningeweza kulimeza. Lililonitoa machozi lilikuja wakati wa komunyo, waumini wanapokwenda kupokea hostia. Kijana alifuata mstari, nadhani kwa sababu wote waliokuwa karibu naye waliinuka, akapokea hostia mkononi na kurudi nayo hadi kitini, kisha akaiinua kuelekea kwenye mwanga wa vioo ili mwenzake aipige picha. Mnaojua mafundisho mnaelewa kwamba anayepokea mkononi hupaswa kuila palepale mbele ya aliyempa, na kwa Mkatoliki kile si kipande cha mkate cha kutembea nacho. Nilimwinamia nikamwambia, "Kijana, hiyo si ya kuchezea. Ipokee sasa hivi, au nipe niirudishe kwa padre." Akaniuliza, "Kwani kuna shida gani, mzee?" Kisha akaitupia mdomoni pamoja na bigijii aliyokuwa akiitafuna tangu masomo ya Biblia.

Najua majibu yatakayofuata hapa chini, hivyo niyajibu mapema. Kwamba kanisa ni la wote: ndiyo, na sijasema asiye Mkatoliki asiingie. Kulia kwangu alikaa mwanamke mmoja ambaye hakujua hata ishara ya msalaba; alisimama tuliposimama, akaketi tulipoketi, na wakati wa komunyo alibaki mahali pake ametulia, simu imo mkobani. Huyo nilimpa mkono wa amani kwa moyo mweupe. Kwamba euro 26 ni nyingi kwa mtu wa kwetu: ni zaidi ya shilingi elfu 70 za Tanzania, naam, nami niliziuma zile za kwangu, kwa sababu Jumatatu tulikata tiketi tukarudi kutalii kama watalii. Asiyetaka kulipa ana kuta za nje, zilizojaa sanamu kuanzia Kuzaliwa hadi Mateso, na kuzizunguka hakuna anayekudai senti.

Kuna jambo ambalo washauri wetu hawalijui au hawalijali. Kanisa hili lilianza kujengwa mwaka 1882 kama kanisa la malipizi, yaani la kujengwa kwa sadaka za waumini ili kuomba toba, si kwa hazina ya serikali. Antoni Gaudí, aliyeichukua kazi hiyo mwaka 1883 na kuifia, katika miaka yake ya mwisho alikuwa akienda mwenyewe kuomba michango kwa watu. Alipogongwa na tramu mwaka 1926, nguo zake zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba walidhani ni ombaomba. Amezikwa humohumo, katika kanisa la chini ya ardhi. Leo fedha za tiketi za watalii ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya ujenzi. Kwa hiyo anayejifanya muumini ili asilipe amekwepa kulichangia kanisa, na papo hapo amekikalia kiti cha muumini. Kapu la matoleo lilipopita, wale wawili walilipitisha kama watu wanaopitisha sahani ya pilipili wasiyoitaka.

Misa ilipokwisha tulimkuta shemeji kwenye bustani iliyo ng'ambo ya barabara, kando ya bwawa, mtoto amelala begani. Yule mama mzee alikwisha kuondoka. Dakika chache baadaye wakatokea wale vijana, wakanitambua, wakaniamkia "Shikamoo mzee," na kuniomba niwapige picha na kanisa likiwa nyuma yao. Niliwapiga. Mke wangu hadi leo ananiuliza kwa nini, na sina jibu.

Mwenye ule uzi wa ushauri, ambao hadi asubuhi hii bado umebandikwa juu kabisa, namwomba aufute. Akiona tabu kuufuta, basi aongeze chini yake kwamba viti vya misa hiyo hujaa na mlango hufungwa, na kwamba kwa kila wawili wanaoingia kuokoa pesa ya chakula cha jioni, wawili waliokuja kusali hubaki barabarani, mmoja akiwa na mtoto mgongoni.