MREJESHO: Ualimu au mazingira? Nimeshaamua

Wakuu, mwaka jana niliwauliza: nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), nisomee mazingira au ualimu? Wengi mlisema mazingira. Mnisamehe, nimechagua ualimu wa Baiolojia na Jiografia.

Kilichoniamulia ni kujitolea kupanda mikoko na watoto wa shule ya msingi huku Tanga. Walidhani mche wa mkoko ni fimbo! Nikawaeleza kwamba mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, kisha hudondoka na kujichomeka topeni. Kesho yake wakamleta babu yao, mvuvi, aje kuona. Hapo nikajua.

Aliyenitajia Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko huko Gazi, Kenya, asante: mauzo yao ya kaboni (hulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko) yamenunua hadi vitabu vya shule. Mshahara je? Baba bado kanuna.