Fedha za serikali kwa kozi za sola na umeme hapa Ujerumani

Kutoka: Mdau, Dortmund

Wanajamvi, habari za majukumu.

Naomba mwongozo. Nyumbani nilisoma umeme wa majumbani VETA, nikafanya kazi ya ufundi kwa miaka, zikiwemo sola za paa. Hapa nilikuja kumfuata mke, na tangu nifike niko ghalani napanga mizigo. Juzi chuo kimoja binafsi kimenipigia simu: kozi ya kufunga sola, wiki chache, ada maelfu ya euro, ila "usijali, serikali inalipa yote, wewe weka saini tu". Kuna ukweli hapo? Na nikila hela ya serikali, haitanigeuka siku nikiomba ukaazi wa kudumu?

Natanguliza shukrani.

---

Kutoka: Dada wa Hannover

Kaka, kalamu weka chini kwanza.

Serikali inalipa kweli, lakini anayeamua si chuo. Kuna hati inaitwa Bildungsgutschein, inatolewa na Agentur für Arbeit, ofisi ya kazi ya serikali. Ukishaipata ndipo unaipeleka chuoni, na chuo kinadai fedha zake huko huko ofisi ya kazi. Kwako ada haipiti. Ukisaini mkataba au ukaanza masomo kabla ya hati, deni linaweza kubaki la kwako. Hati inaandikwa lengo la mafunzo na ina tarehe ya mwisho, mara nyingi miezi 3. Uliza pia kama chuo kina ithibati ya AZAV, ile inayotakiwa ili hati ikubalike, na kozi yenyewe nayo iwe nayo, maana kuna vyuo vina ithibati ila kozi wanayokuuzia haimo. Zaidi ya ada, wanaweza kukulipia nauli na gharama za malezi ya watoto ukiwa darasani. Walio kwenye Bürgergeld, posho ya serikali ya kujikimu, nao, tangu Januari 2025 suala la hati hii linashughulikiwa na Agentur, si Jobcenter tena.

Kuhusu makaratasi: kifungu cha 2 cha sheria ya ukaazi, Aufenthaltsgesetz, kimetaja bayana kwamba misaada ya masomo kama BAföG na Aufstiegs-BAföG, pamoja na mafao yaliyotokana na michango yako mwenyewe, yaani Arbeitslosengeld, posho ya aliyepoteza kazi, haihesabiki kuwa unaishi kwa mgongo wa serikali. Bürgergeld ndiyo inahesabika. Watu wanazikimbia haki zao kwa sababu ya maneno ya saluni, inaniuma sana.

Ugumu uko kwa afisa. Kwa kozi fupi ana hiari ya kukupa au kukunyima, kwa hiyo usiende mikono mitupu ukamwambia "nataka kusoma sola". Nenda na matangazo ya kazi ya eneo lako uliyoyachapisha, na ukiweza, barua ya kampuni inayosema ukimaliza watakuchukua. Barua hiyo ina uzito kuliko maelezo yoyote utakayotoa.

---

Kutoka: Fundi wa Leipzig

Wakuu, salaam. Dada kamaliza upande wa ofisi. Mimi nataka kuigusa kozi yenyewe, maana hapo ndipo ndugu zetu wanapoliwa.

Kazi ya sola hapa imegawanyika. Juu ya paa unainua vigae, unafunga mabano kwenye mbao, unapiga reli, unaweka paneli na kuchomeka nyaya za DC, yaani umeme unaotoka kwenye paneli. Hiyo mtu anaifanya hata na kozi fupi, akiwa chini ya usimamizi. Zile nyaya zikishashuka ndani, kutoka inveta kwenda kwenye bodi ya mita, anayeruhusiwa kuunganisha na gridi ni kampuni iliyosajiliwa kwenye Installateurverzeichnis, orodha ya mafundi waliokubaliwa na mwenye mtandao wa umeme. Bila cheti kamili cha ufundi huwezi hata kukaribia kuwa mtu wa kuwajibika kwenye hiyo bodi. Ukimaliza wiki zako chache utakuwa kijana wa paani, Januari na Julai, na mshahara wa paani. Upepo nao ni hivyo hivyo: vyeti vya usalama vya GWO kwa ajili ya kupanda minara vinalipiwa na hati, lakini vinaisha muda baada ya miaka 2 na havikufanyi uwe fundi.

Sasa sikia jambo ambalo lile chuo halitakuambia. Kozi fupi ni hiari ya afisa. Lakini mtu asiye na cheti cha ufundi kinachotambulika hapa, akitaka kusomea Berufsabschluss, yaani cheti kamili cha fani, kifungu cha 81 cha SGB III, sheria ya ajira na mafunzo, kinampa haki ya kulipiwa akitimiza masharti: awe anaimudu fani, iwe inamfungulia ajira, na kwa kawaida awe ameshafanya kazi miaka 3. Kwa hiyo ombi kubwa lina msingi wa kisheria kuliko ombi dogo. Ajabu, ila ndivyo ilivyo.

Kwako wewe naona njia tatu. Ya kwanza, peleka cheti cha VETA kwenye Handwerkskammer, chemba ya mafundi ya eneo lako, kikalinganishwe na Elektroniker wa Energie- und Gebäudetechnik, yaani fundi umeme wa majengo wa hapa. Wakikupa utambuzi wa sehemu, wanakuandikia kilichopungua, na huo upungufu ndio unaoombea fedha. Ya pili, Externenprüfung: unaingia mtihani wa mwisho bila kukaa darasani kama mwanagenzi, mradi umeifanya kazi hiyo kwa muda wa mara moja na nusu ya mafunzo. Mafunzo ya fani hii ni miaka 3 na nusu, kwa hiyo unahitaji miaka 5 na miezi 3, na kazi uliyofanya nje ya Ujerumani inatakiwa kuangaliwa. Ya tatu ni Umschulung, kusomea fani upya darasani kwa muda wote, kama miezi 28. Asiye na ajira akiwa humo anapata nyongeza ya euro 150 kwa mwezi, kisha euro 1,000 akifaulu mtihani wa kati na 1,500 akifaulu wa mwisho.

Binafsi ningetafuta kwanza kampuni ndogo ya umeme inikubali hata kama msaidizi. Kampuni yenye wafanyakazi chini ya 50 ikikupeleka kusoma kozi inayozidi saa 120, Agentur inaweza kubeba ada yote na sehemu kubwa ya mshahara wako. Waajiri wengi wadogo hawalijui hilo. Mpelekee bosi kifungu cha 82 cha SGB III mkononi. Mahitaji yapo: sheria imeweka lengo la gigawati 215 za sola ifikapo 2030, na mwanzoni mwa 2025 nchi ilikuwa kwenye gigawati 100 hivi.

---

Kutoka: Mama wa Bremen

Asanteni. Samahani nachomekea: mdogo wangu yuko nyumbani, ana digrii ya uhandisi. Hizi hati zinamhusu?

---

Kutoka: Dada wa Hannover

Hapana Mama, yeye aangalie DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, mpango wa EPOS. Humo imo shahada ya uzamili ya nishati jadidifu ya Chuo Kikuu cha Oldenburg, iliyoanza 1987 kwa jina la PPRE. Wanataka angalau miaka 2 ya kazi, na digrii kwa kawaida isizidi miaka 6. Aombe akiwa huko huko, maana aliyeishi Ujerumani zaidi ya miezi 15 hapokelewi.

---

Kutoka: Mdau, Dortmund

Wakuu, mmenifungua macho. Chuo nimekijibu kwamba nasubiri Agentur; kimeniambia ofa inaisha Ijumaa. Iishe tu.

Nimepata miadi Handwerkskammer. Wananitaka ushahidi wa kazi, na bosi wangu wa zamani yuko tayari kuniandikia. Aandikeje? Barua zetu za nyumbani ni "huyu bwana alikuwa mchapakazi na mwaminifu", basi.

---

Kutoka: Fundi wa Leipzig

Uaminifu wako hawana pa kuujaza kwenye fomu. Aandike tarehe ulipoanza na ulipoacha, saa za kazi kwa wiki, halafu kazi moja moja: kupitisha bomba za nyaya, kufunga bodi ya mgawanyo na sakitibreka, kutandaza waya wa ardhini na kuupima, kutafuta hitilafu, mifumo ya sola na ukubwa wake kwa kilowati, betri, inveta. Awamu moja au tatu, ataje, maana hapa karibu kila nyumba ina awamu tatu. Aweke saini, muhuri na simu inayopokelewa. Ukiipata, itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa hapa Ujerumani, ila usitafsiri chochote kabla ya miadi. Waulize kwanza wanataka karatasi zipi, maana mtafsiri anatoza kwa mstari.