Ndege yangu ya mafunzo inakalia mkia, naomba ushauri kabla ya Ijumaa

MwanaKisongo: Wakuu habari. Niko Arusha, mwaka wa mwisho chuoni. Mradi wangu ni kuchora ndege nyepesi ya mafunzo ya jeshi, viti viwili. Nilianza na injini ya pistoni, nguvu hazikutosha, nikaweka PT6, injini ya turbopropu (tabo inayozungusha panga) iliyo nyepesi kuliko ile ya pistoni, jamii ile ile ya injini za Caravan, vile vindege vya abiria vinavyotupita juu kila asubuhi vikienda Serengeti. Nguvu sasa zipo, ila nikipiga hesabu ya mizani uzito wote umerudi nyuma. Nafikiria kufunga vipande vya madini ya risasi puani viwe uzito. Mnasemaje?

FundiMstaafu: Risasi? Uhangaike kupata injini nyepesi halafu ubebeshe ndege jiwe? Refusha pua, injini isogee mbele. Pilatus PC-7, ndege ya mafunzo ya Uswisi, ilitokana na P-3 ya pistoni, nguvu farasi 260, ikapewa PT6 ya 550. Itazame pua yake. Na hawakukurupuka: ya majaribio iliruka 1966, ya kwanza ya kiwandani 1978. Wewe una hadi Ijumaa, pole.

MangiMdogo: Wa Arusha na Caravan zenu! Sisi Moshi tunauliza, mwalimu aliyekaa nyuma ataona nini na pua hiyo wakati wa kutua? Inua kiti chake. Embraer wa Brazil walifanya hivyo kwenye Tucano, ndege yao ya mafunzo iliyoruka mara ya kwanza 1980. Majirani zetu Kenya nao walichukua Tucano, ila zile zilizoundwa na kampuni ya Short ya Belfast, zenye injini ya Garrett.

Dada_Oili: Mdogo wangu, hebu taja namba ya hiyo PT6. Ya Caravan haikuundwa kuruka miguu juu, na mwanafunzi wa jeshi lazima apinduliwe. Oili ikikimbia, pampu inavuta hewa. Chukua PT6A-25, oili yake inaendelea kuzunguka hata ndege ikiwa chali. Tucano ya Embraer inatumia 25C, nguvu farasi 750.

MwanaKisongo: Duh, dada umenikamata, nilikuwa nimeandika PT6A-114A, ile ile ya Caravan. Nimebadilisha. Risasi nimetupa, injini imesogea mbele sentimita 40, mizani imekaa. Ila sasa ndege inataka kuyumbisha pua kushoto na kulia.

FundiMstaafu: Pua ndefu inataka mkia mkubwa. Ongeza pezi la wima, kisha rudia mizani, maana uzito umeuongeza nyuma tena.

MwanaKisongo: Mzee!