Barua ya maelezo ya ILR: ofisi inauliza tulihama lini

Dada wa Wete, Leicester:
Assalamu alaykum jamaa. Mume wangu ameomba ILR, kile kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo cha muda, na barua yake ya maelezo inasema "I lived in Leicester since 2016". Ofisi imemwandikia ikitaka kujua alihama lini na sasa anaishi wapi, ilhali hatujahama hata nyumba. Tutume barua mpya nzima, au tujibu swali hilo pekee?

Kaka wa Mkoani, London:
Waalaykumu ssalaam dada yangu. Kilichowatatiza ni kitenzi. "Lived" humwonesha msomaji kwamba makaazi yamekwisha; jambo lililoanza zamani na likaendelea hadi leo huandikwa "have lived" au "have been living", ndipo "since 2016" inapokaa sawa. Mimi yangu ilikwama kwenye kile kikomo cha siku 180 za kuwa nje ya Uingereza, nikaulizwa kila safari ya Pemba, hata ile ya msiba wa bibi. Jengine, vielezi viwekeni mwishoni mwa sentensi.

Mwalimu mstaafu wa Chake Chake, Toronto:
Hapo, mwanangu, unawapoteza wenzio. "Already" na "never" hukaa baada ya kitenzi kisaidizi na kabla ya kitenzi kikuu: "We have never left Leicester". Kielezi cha wakati nacho hakiingii kati ya kitenzi na shamirisho. Sisi twasema "nilituma jana fomu", wao huandika "I sent the form yesterday". Na "only" ichungeni sana. Ukiandika "He only visited Pemba in 2021", afisa aweza kufahamu kwamba alikwenda mwaka huo tu, au kwamba alikwenda kutembea tu, hakufanya kazi.

Dada wa Micheweni, Birmingham:
Shikamoo mwalimu. Haya ndiyo tuliyoyakosa skuli. Msimu wa karafuu, harufu ya majamvini ikiingia hadi darasani, tuliimba "go, went, gone" kwa sauti moja, na barua ya mistari mitano hatukuandikishwa. Kisha Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ikataka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano!

Kaka wa Mkoani, London:
Dada, sera tuiache. Mwalimu, nilikusudia vielezi vya mahali na vya wakati, na hivyo kwa kawaida hufuatana mwishoni, mahali kwanza kisha wakati: "in Leicester since 2016".