Tupeane uzoefu: Uliwahi kufunga redio mwenyewe kwenye gari la zamani? Ilikuwaje?

Mwana wa Ti (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Carina Ti ya mwaka 1998, niliachiwa na mzee. Redio yake ilikuwa ile ile ya kaseti iliyoshuka nayo bandarini. Mwenye gari la Japani anaijua adha hii: FM ya kule inaanzia 76 na redio za enzi hizo zinaishia 90, wakati ya kwetu ni 87.5 hadi 108. Mzee alifungiwa ekspanda, kile kidude kinachokaa kwenye waya wa antena na kushusha masafa, lakini stesheni zilikuwa zinapandiana, na namba iliyo kwenye kioo siyo ya stesheni unayoisikiliza. Mwaka huu nikasema basi. Nimenunua redio mpya ya Bluetooth na nimeifunga mwenyewe, maana gari hili sipendi kila mtu aingize mkono.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikaanza. Nikatoa tamino ya hasi kwenye betri, nikavua fremu ya dashibodi. Klipu zimekauka kwa umri, kwa hiyo nililaza kitambaa cha maji ya moto juu yake dakika chache ndipo nikavuta taratibu kuanzia chini. Haikukatika hata moja. Boliti nne, spana namba 10, redio ikatoka pamoja na mabati yake ya pembeni. Nyuma kuna soketi mbili za Toyota, moja ya matundu 10, nyingine ya matundu 6.

Hapo ndipo nilipotaka kuharibu. Redio mpya ilikuja na waya zilizo uchi mwishoni, na koleo nilikuwa nimeshaishika mkononi, tayari kukata soketi za gari niunge moja kwa moja. Nikaona hapana. Waya zile hazijaguswa tangu kiwandani, nikishazikata hazirudi. Nikapanda daladala hadi Kariakoo, nikapata soketi za kuunganishia, zile zinazoingia kwenye za Toyota bila kukata kitu. Bei yake haifiki hata nauli ya bodaboda ya wiki.

Redio ikawaka, lakini kila nikizima gari inasahau stesheni na saa. Nikachukua mita: ufunguo ukiwa umetolewa, waya mwekundu unasoma volti 12.5, wa njano sifuri. Imekaa kinyume. Kwenye redio, njano ndiyo inatakiwa kuwa na moto muda wote ili itunze kumbukumbu, nyekundu ipate moto ukizungusha ufunguo. Kwenye gari la Toyota moto wa muda wote ni bluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu. Aliyetengeneza soketi yangu alizipishanisha. Nikazibadilisha, tatizo likaisha.

Nafasi ya pembeni mjue mapema: tundu la Toyota lina upana wa milimita 200, redio nyingi mpya ni 178. Ulizia vile vipande viwili vya plastiki vya kuziba.

Sasa kimenibakia kitu kimoja. Injini ikiwaka nasikia mluzi mwembamba kwenye spika, nikikanyaga mafuta nao unapanda. Karibuni. Semeni gari gani, mlikwama wapi, mlitokaje.

Pijo 504 (Nakuru)

Asante kwa uzi huu, ndugu. Mimi niliumia, acha niseme ili mwingine asiumie.

Gari ni Peugeot 504 ya babu. Babu aliipenda tangu ziliposhinda Safari Rally, 1975 kisha 1978, na hadi leo hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuiita kuukuu. Ilikuwa na redio ya zamani ya vifundo viwili, spika mbili mlangoni. Nikanunua redio ya kisasa. Kuangalia spika, kila moja ina waya mmoja tu unaotoka kwa redio, ule mwingine umefungwa kwa skrubu kwenye bodi ya gari. Nikafanya hesabu ya haraka: hasi ni hasi, bodi ni hasi. Nikaunga waya wa chanya wa redio kwenye spika, zile hasi za spika nikazikusanya pamoja nikazifunga kwenye bodi.

Ikapiga kama dakika mbili, sauti imekwaruza. Kisha ikanyamaza. Nilipogusa bati la nyuma nikaondoa mkono, lilikuwa moto kama pasi. Halafu ile harufu. Mtu aliyewahi kuunguza kifaa cha stima anaijua harufu ile, haitoki puani siku nzima.

Fundi wa redio alinieleza vizuri, na ndilo jambo ningependa kila mwenye gari la miaka ya sabini na themanini alijue. Redio za zamani zilituma sauti kwa waya mmoja na kurudisha kwa bodi. Redio ya sasa inasukuma spika kwa waya zote mbili, na hata ule unaoitwa hasi una karibu volti 6 juu yake. Ukiufunga kwenye bodi unakuwa umeipiga shoti redio yenyewe, ile ic ya sauti, kile kipande cha ndani kinachosukuma spika, inakufa. Spika kwenye redio ya kisasa haiguswi na bodi mahali popote.

Redio ya pili sikuiweka hadi nilipopitisha waya mpya, mbili kwa kila spika, chini ya zulia na kupitia mpira wa mlango. Kazi ya siku mbili. Kila waya niliupima kwa mita dhidi ya bodi kabla ya kuwasha. Inapiga mwaka wa nne sasa.

Dereva wa Kenta (Tunduma)

Pole sana mkuu wa 504. Langu fupi. Canter ina betri mbili, volti 24, redio ni ya 12. Jamaa wengi huku wanachukua moto kwenye betri moja. Nami nikafanya hivyo. Baada ya miezi mitatu betri ile ikawa haina nguvu asubuhi, mwenzake inachemka na kukausha maji. Chaji inakuja kwa betri zote mbili kama kitu kimoja, lakini moja inaliwa zaidi, kwa hiyo haijai kamwe huku nyingine ikizidishiwa. Nilinunua betri mbili kwa mkupuo, pesa ya safari nzima. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12, kipate moto kwenye 24 kamili, redio ichukue hapo.

Mama RAV4 (Morogoro)

Mleta uzi, mluzi wako ninaujua. RAV4 yangu ya 1997 ilikuwa nao, unapanda na injini hivyo hivyo unavyosema. Unatoka kwenye alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, unaingilia kwenye redio kwa sababu ya hasi mbovu.

Nilibadilisha waya za spika, nikabadilisha hata redio kwa ya shemeji, haukutoka. Siku moja nikafuata ule waya mweusi wa redio, ndio wa hasi, kwa vidole, nikitaka kujua unaishia wapi hasa. Ulikuwa umebanwa chini ya skrubu kwenye bati lililopakwa rangi, na chini ya rangi kutu imeanza. Nikatoa skrubu, nikakwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa ukubwa wa sarafu, nikabana kichwa cha pete, nikapaka grisi kidogo juu kuzuia kutu. Kimya. Nilikaa ndani ya gari nimewasha injini nakanyaga mafuta nasikiliza ule ukimya, watoto wakaja kuuliza mama kuna nini.

Na kwa ambao gari lao soketi zilishakatwa na fundi wa zamani, kama langu, nawapa hili. Nilikuta waya nane za spika za rangi ambazo hazifanani na kitabu chochote. Chukua betri ndogo ya saa ya ukutani, volti 1.5. Gusisha waya mbili mara moja na uachie. Spika itatoa «tap», unajua ni ya mlango gani. Halafu mtu mmoja aitazame ile karatasi ya spika: ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ikiingia ndani, geuza. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyekaa mlangoni akinipigia kelele «nje!», «ndani!», tukaandika kwenye plasta na kubandika kila waya. Usikae na spika moja kinyume, besi inapotea na hutajua kwa nini.

Fundi Umeme (Arusha)

Dada umeeleza kama fundi. Naongeza kidogo kutokana na ninayoletewa.

Fyuzi ya redio ikiungua usiweke waya wala karatasi ya sigara. Nimepokea gari lenye waya zilizoyeyuka kuanzia dashibodi hadi boneti kwa sababu hiyo, na mwenyewe alikuwa na watoto ndani siku ilipoanza kutoa moshi. Fyuzi ni ya namba iliyoandikwa nyuma ya redio, kwa kawaida 10 au 15.

Soketi za njano karibu na usukani msizipime kwa taa ya testa. Hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga.

Wenye redio za Android: zima gari, subiri kama nusu saa redio ilale, kisha pima mkondo unaotoka kwenye betri. Ukizidi miliampia 50, gari likikaa siku kadhaa bila kuwashwa usishangae kukuta betri imekufa.

Na pale mnapounga, lehemuni kwa risasi au mbane kwa klipu ya kubania, halafu mfunike kwa mpira. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu, kwa joto la dashibodi, tepu inaachia ndani ya msimu mmoja.

Mwana wa Ti (Dar es Salaam)

Nimerudi. Mama RAV4, Mungu akubariki. Leo baada ya ibada nimefungua tena, hasi yangu nilikuwa nimeifunga kwenye bati la redio lenye rangi. Nimekwangua, nimebana upya kwenye bodi. Mluzi umeisha kabisa.

Fundi, kioo cha redio hakipungui mwanga nikiwasha taa usiku, kinanichoma macho. Nimeona waya wa rangi ya chungwa umening'inia haujaungwa, na kwenye soketi ya Toyota kuna wa kijani hauna mwenzake. Nadhani ndio hao. Nitapima kwa mita kwanza, taa zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa, Jumamosi.