Tupeane uzoefu: Idd za korona na watoto waliotukulia ndani

Mama Kibokoni
Assalam aleikum jamani. Idd ya 2020 binti yangu alikuwa na miaka 11, huku Mji wa Kale Mombasa tushafungiwa tangu Mei 6, hakuna kuingia hakuna kutoka, misikiti imefungwa, saa moja jioni kafyu, na yeye analilia bembea za Makadara. Nikamwambia tulia mama, Idd ijayo in shaa Allah. Bembea zilipokuja kurudi namwambia vaa twende, ananiangalia tu na simu yake mkononi eti hizo za watoto. Yaani utoto wake uliishia humo ndani na mie sina habari. Nyie je?

Ummu Nne
Waaleikum salam. Mume wangu alikwama Doha, Kenya ilishafunga ndege za nje toka mwezi wa tatu. Asubuhi ya Idd tuko sebuleni tunaangaliana tu, mara kijana wangu wa miaka 14, sauti ndio kwanza inaanza kuwa nzito, katandika miswala kasema nawaswalisha mie. Niko nyuma namhesabia takbira, saba, kisha tano, wallahi hakukosea hata moja. Nililia mpaka pilau ikashika chini (tulikula hivyo hivyo). Baba yake karudi kakuta mtu hakai tena kwenye sinia la watoto.

Baba Zuu
Huku Bongo misikiti ilikuwa wazi bana, ila shule zilifungwa toka Machi 17 mpaka mwisho wa Juni so watoto walishanichosha kabla hata mwezi haujaandama. Disko toto nikapiga marufuku, mkubwa akanuna hatari. Mwaka uliofuata namruhusu mwenyewe, anasema baba si umpeleke dogo tu. Hela ya sikukuu lakini kachukua 😂

Bint Ibra
Huku Oman, Muscat ilifungwa Aprili 10 mpaka Idd ikapita, bibi yetu yuko Ibra hakuna kwenda. Wanangu walizoea kumbusu mkono naye anafungua fundo la leso anawapa idiya, hela ya Idd. Mwaka ule tukampigia video, simu kaiweka sikioni, Idd nzima tunaangalia sikio la bibi 😂😂 Njia zilipofunguka wakaenda, mdogo kapewa yake, wale wakubwa wawili kawaambia nyie mshakuwa watu wazima, leteni mnipe mimi.

Mama Kibokoni
😂😂 Bibi kamaliza. Wangu siku hizi mkono wa Idd anataka kwa M-Pesa, na anauliza mbona ya kutolea hukuweka. Na nguo mlishonaje? Fundi wangu alikuwa nje ya kizuizi, akashona kwa vipimo vya mwaka uliopita, gauni likaja juu ya magoti tukalivalisha na suruali.

Fundi Cherehani
Ndio maana mie mwaka ule nguo zote za watoto niliacha upindo wa inchi nne. Na bado walirudi kufumua.